Faili Litangulie Begi: Afya ya Mwanamke na Pumu Katika Familia ya Askari

Amri ya uhamisho haina subira. Leo mume yuko Kigamboni, mwezi ujao anatakiwa aripoti Monduli, na wewe una wiki chache tu, zinazohesabika, za kufunga vyombo, kuwatafutia watoto shule na kuaga majirani. Katika pilikapilika hizo afya ya mama ndiyo husahaulika mwanzo. Kadi za kliniki za watoto zitakumbukwa kwa sababu kuna mtu atakayeziulizia. Lakini tarehe yako ya sindano ya uzazi wa mpango, majibu yako ya uchunguzi wa mlango wa kizazi, jina la dawa ya pumu uliyoandikiwa mwaka jana, hayo hakuna atakayeyauliza mpaka siku umelala kitandani unahema.

Nawaandikia wake wa askari wanaoishi kota za jeshi na mitaani hapa Tanzania, na wanawake ambao wao wenyewe huvaa gwanda. Ninaloshikilia ni moja: ratiba ya afya yako isifungwe kwenye kituo alichopangiwa mume, wala isisubiri arudi kutoka mafunzoni au kwenye ulinzi wa amani. Iwe mkononi mwako, na uhame nayo.

Anza na daftari. Nunua kubwa lenye jalada gumu, na kila karatasi ya hospitali uibandike humo. Ukurasa wa kwanza andika mambo ambayo daktari asiyekujua atayahitaji usiku wa manane: jina lako na umri, kundi la damu kama umepimwa, magonjwa uliyonayo, dawa unazotumia kila siku pamoja na vipimo vyake, dawa zinazokudhuru, mimba ulizobeba na jinsi ulivyojifungua, na namba za simu za watu wawili ambao si mumeo. Nasema wasiwe mumeo kwa sababu huenda wakati huo yuko porini au ng'ambo na simu yake haipatikani. Kisha piga picha kila ukurasa kwa simu. Daftari linaweza kulowa kwenye lori la kuhamisha vyombo, picha itabaki.

Wiki mbili kabla ya kuondoka, nenda zahanati ya kikosi au hospitali unakotibiwa ukaombe barua fupi ya rufaa na dawa za kutosha angalau mwezi mmoja. Ukifika kituo kipya, nenda kajitambulishe kwa mganga wiki ya kwanza, ukiwa mzima. Uliza mambo matatu: dawa ninazotumia zipo, huduma ya usiku iko wapi, na gari la wagonjwa linaombwaje. Ukishapata majibu hayo umemaliza nusu ya kazi.

Vipimo visivyongoja maumivu

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania, na inauma zaidi kwa kuwa ni mojawapo ya zile zinazoweza kuzuiwa kabla hazijaanza. Husababishwa na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Kutoka kuambukizwa mpaka kuwa saratani kwa kawaida hupita miaka mingi, 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili, na michache zaidi kwa anayeishi na VVU ambaye hatumii dawa. Miaka hiyo yote ni nafasi ya kuliwahi tatizo. Mwanamke wa umri wa miaka 30 hadi 50 anashauriwa achunguzwe kila baada ya miaka mitatu. Anayeishi na VVU achunguzwe kila mwaka na aanze mapema zaidi.

Kipimo chenyewe wengi wanakiogopa bure. Katika vituo vingi mhudumu hupaka siki ya kitabibu kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, kisha hutazama kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Majibu unayapata hapohapo. Ikionekana dalili ya awali, mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandisha au kuunguza sehemu ile ndogo kwa joto, na unarudi nyumbani kwa miguu yako. Usiende ukiwa kwenye siku zako. Chagua wiki inayofuata.

Kuna jambo linalowafunga midomo wanawake wengi wa kambini. Muuguzi wa zahanati ya kikosi ni jirani, watoto wenu wanasoma pamoja, na jioni mnakutana dukani. Kumvulia nguo si rahisi. Ikiwa hilo ndilo linalokuzuia, panda daladala uende kituo cha afya cha serikali mjini, ambako hakuna anayekujua. Hakuna mtu utakayekuwa umemkosea. Na ukikutwa na HPV usikimbilie kumshutumu mume aliyerudi kutoka misheni, wala yeye asikushutumu wewe. Kirusi hiki kinaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi, kwa hiyo majibu ya leo hayasemi kililetwa na nani wala lini.

Binti naye asipitwe. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ilianza kutolewa kwa dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Nyingi hutolewa shuleni, na hapo ndipo watoto wa askari hupotea: siku ya chanjo shule ya zamani ulikuwa umeshamhamisha, na shule mpya walikwishachanja kabla hajafika. Mwulize mwalimu. Akikosa shuleni, mpeleke kituo cha afya mwenyewe.

Titi lijue lako. Mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi kwisha, lipapase ukiwa unaoga, mpaka kwapani. Unatafuta badiliko: uvimbe usiokuwapo, chuchu iliyoingia ndani ambayo zamani ilitokeza, ngozi iliyovutika kama ganda la chungwa, damu au majimaji yanayotoka bila kunyonyesha. Uvimbe mwingi si saratani, lakini usiuache mwezi wa pili haujaonekana na mtaalamu, hata kama hauumi. Kutouma ndiko kunakowaponza wengi.

Uzazi wa mpango nao upangwe kwa kuangalia maisha ya kijeshi. Sindano ya miezi mitatu ni nzuri, ila inataka uwe karibu na kituo kila baada ya miezi mitatu. Ukichelewa hadi wiki nne bado unaweza kuchomwa. Zaidi ya hapo inabidi uhakikishwe kwanza kwamba huna mimba. Kwa familia inayohamahama, kijiti cha mkononi cha miaka mitatu au mitano, au kitanzi cha shaba kinachodumu miaka kumi au zaidi, hupunguza mahangaiko mengi. Kuna anayesema, mume hayupo mwaka mzima, nitoe tu. Fikiri kwanza. Likizo huja ghafla kama uhamisho unavyokuja, na mimba isiyopangwa haiulizi alikaa siku ngapi.

Mume akirudi baada ya miezi mingi, nendeni wote wawili mkapime VVU, kaswende na homa ya ini aina ya B. Kubalianeni hivyo kabla hajaondoka, iwe desturi ya nyumba, ili siku akirudi isionekane kuwa ni tuhuma.

Pumu haihamishwi, inafuata

Pumu ni njia za hewa kuvimba ndani. Zikivimba huwa nyepesi kukasirika. Zikikutana na moshi, vumbi, baridi au mafua, misuli yake hujikaza, makohozi huongezeka, na kifua hufungwa. Haiambukizi. Utotoni huwapata zaidi wavulana, lakini baada ya kubalehe mambo hugeuka, na wanawake watu wazima ndio wengi kuliko wanaume. Homoni zina mkono wake: wapo ambao kifua huwabana zaidi siku chache kabla ya hedhi. Ukiandika kwenye daftari lako siku za hedhi na siku za kubanwa kwa miezi mitatu utaona kama wewe ni mmoja wao, na daktari atakuwa na kitu cha kufanyia kazi.

Kosa kubwa linaloua watu wenye pumu ni kuitibu pale inapobana tu. Inhela ya salbutamol, ambayo mara nyingi huwa ya buluu, hulegeza misuli kwa saa chache. Uvimbe wa ndani inauacha kama ulivyo. Dawa inayotibu uvimbe ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi, na hiyo hutumika hata siku unayojisikia mzima. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena mtu mzima atumie salbutamol peke yake. Usitegemee rangi ya kopo, kwa kuwa viwanda hutofautiana. Soma jina la dawa na ulinakili kwenye daftari.

Neno steroidi huwatisha watu. Wanasema itawazoesha, itawanenepesha, itawadhoofisha moyo. Steroidi ya kuvuta ni kidogo sana, hupimwa kwa maikrogramu, na huenda moja kwa moja kwenye mapafu. Kinachopaswa kutuogopesha ni vidonge vya prednisoloni vinavyonunuliwa dukani bila cheti kila kifua kinapobana. Hivyo, vikirudiwarudiwa, ndivyo vinavyopandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Kama umevitumia zaidi ya mara moja mwaka huu, mwambie daktari akupime sukari na presha, kisha mzungumze kuhusu dawa ya kuvuta ya kila siku. Ukishavuta steroidi, sukutua mdomo kwa maji na uteme, usije ukapata utando mweupe kooni.

Jipime kwa maswali manne. Katika wiki nne zilizopita, je, dalili za mchana zimekujia zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, umeamshwa usiku na kikohozi au kubanwa hata mara moja? Je, umetumia inhela ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, kuna kazi uliyoacha kwa ajili ya kifua? Jibu moja la ndiyo linatosha kukurudisha kliniki. Hesabu makopo pia. Kopo la kawaida la salbutamol lina mivuto 200. Anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari ya shambulio kubwa, na anayemaliza moja kila mwezi yuko kwenye hatari ya kufa, hata kama anajiona anaendelea vizuri. Kuna watu hulitumbukiza kopo kwenye bakuli la maji waone kama litaelea, au hulitikisa na kusikiliza. Njia zote mbili hudanganya, kwa sababu gesi hubaki hata dawa ikiisha. Andika kwenye kopo tarehe uliyolifungua na hesabu mivuto.

Halafu tazama unavyovuta. Wengi wanapuliza dawa mdomoni, inagonga koo na kuishia hapo. Tikisa kopo, toa pumzi yote nje, funga midomo barabara, bonyeza huku ukianza kuvuta polepole na kwa kina, kisha shikilia pumzi mpaka uhesabu kumi. Ukivuta kwa spesa, yaani kile chombo cha plastiki kinachowekwa kati ya inhela na mdomo, ni rahisi zaidi, na kwa mtoto ni lazima. Kama spesa ya dukani haipatikani, tengeneza kwa chupa ya maji ya nusu lita. Ioshe kwa sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa, kwani ukiisugua plastiki huvuta dawa na kuing'ang'aniza ukutani mwake. Weka mdomo wa inhela kwenye kitako cha chupa, uchore umbo lake kwa kalamu, kisha kata tundu kwa ncha ya kisu kilichopashwa moto, kidogokidogo, mpaka inhela iingie kwa kubana. Pakibaki upenyo, zungushia plasta. Mgonjwa anaweka midomo kwenye kinywa cha chupa, unabonyeza mara moja, anavuta pumzi nne hadi sita za kawaida humo, ndipo unabonyeza tena. Mtoto mdogo anahitaji pia kifuniko cha usoni. Watafiti wa Cape Town walichapisha mwaka 1999, katika jarida la The Lancet, kwamba kwa watoto waliobanwa na pumu chupa ya aina hii ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Haifai kwa inhela za unga.

Kila kituo kipya kina kichochezi chake. Pwani, kama Kigamboni, joto na unyevu hulea ukungu ukutani na wadudu wadogo wasioonekana kwenye godoro. Anika magodoro na mito juani, na fua mashuka kila wiki. Nyanda za juu kama Monduli au Songea, tatizo huwa baridi ya alfajiri na vumbi la kiangazi, na zaidi ya hayo jiko la mkaa linaloingizwa ndani ili lipashe chumba moto. Hilo lisikubaliwe kabisa. Moshi huharibu kifua, na hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua hata asiye na pumu. Pika kwa gesi kama uwezo upo. Kama haupo, pikia nje au chini ya kibanda kilicho wazi. Dawa ya mbu ya kuchoma na udi pia ni moshi. Chandarua kinakinga vizuri zaidi na hakimbani mtu.

Mwombe mume mambo mawili bila kumung'unya maneno. Buti na gwanda lenye vumbi la mazoezi viachwe nje au barazani, na buti zisisuguliwe kiwi ndani ya chumba anacholala mgonjwa. Sigara isivutwe nyumbani, hata dirishani. Kama yeye mwenyewe ni mvutaji, kuacha kwake ni dawa kwa nyumba nzima.

Mahali pumu na uzazi vinapokutana

Sehemu hii naomba uisome mara mbili. Mwanamke mwenye pumu akipata mimba, jambo la kwanza ambalo shangazi na majirani humwambia ni aache dawa zisimdhuru mtoto. Ushauri huo hutolewa kwa upendo na ni wa hatari. Mtoto tumboni hupata hewa kupitia damu ya mama. Mama akibanwa, naye hukosa. Steroidi ya kuvuta na salbutamol hutumika katika ujauzito na wakati wa kunyonyesha. Karibu theluthi moja ya wajawazito wenye pumu huzidiwa, theluthi hupata nafuu, na waliobaki hawabadiliki, na hakuna anayeweza kukuambia mapema utakuwa wapi. Kwa hiyo anza kliniki kabla ya wiki ya 12, fuata mahudhurio yote manane, na kila mara sema una pumu. Siku ya kujifungua mwambie mkunga tena, hata kama imeandikwa kwenye kadi, kwa kuwa ipo dawa ya kuzuia damu isitoke nyingi baada ya uzazi ambayo haimfai mwenye pumu, na zipo nyingine zinazomfaa.

Maumivu ya hedhi nayo yana mtego. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huwabana baadhi ya watu wenye pumu, wakati mwingine ndani ya saa moja. Kama hujawahi kuzitumia bila shida, chukua parasetamoli. Ukikutwa na presha, kumbusha kuhusu pumu kabla cheti hakijaandikwa: dawa kama propranololi na atenololi zinaweza kukufunga kifua.

Na wewe askari mwanamke, ikiwa kifua hukubana baada ya mbio za asubuhi, usikifiche kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Kikohozi kinachokuja dakika chache baada ya kusimama, tena zaidi siku za baridi, ni dalili inayotibika. Kupasha mwili taratibu na dawa iliyoandikwa sawasawa huwarudisha wengi kwenye mazoezi. Aliyejificha huanguka mahali ambapo msaada uko mbali.

Usiku wa kubanwa

Panga wakati bado kuna mwanga. Chagua jirani mmoja atakayebaki na watoto, mweleze inhela inakaa wapi, na umfundishe namna ya kushika ile chupa. Jua namba ya ofisa wa zamu, na uulize gari la raia linaruhusiwaje kuingia na kutoka getini usiku. Maswali hayo yakiulizwa saa nane za usiku, huku mtu anahema, hula dakika ambazo mgonjwa hana.

Mtu akibanwa, mkalishe wima, asilale, mlegeze nguo. Mpe mivuto minne ya salbutamol kwa spesa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na pumzi zake nne hadi sita. Subiri dakika nne. Kama hakuna nafuu, rudia minne, na anzeni safari ya hospitali, mkiendelea kumpa hivyohivyo njiani. Usisubiri hata hizo dakika nne ukiona hawezi kumaliza sentensi, midomo au kucha zimegeuka rangi, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta hewa, mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, au mgonjwa ameanza kusinzia. Sauti ya filimbi kifuani ikinyamaza ghafla huku bado anahangaika, hilo ni baya zaidi, maana hewa haipiti. Beba daftari na kila kopo la dawa lililo ndani ya nyumba.

Mkitoka hospitali, mrudi kliniki ndani ya wiki moja, hata kama kifua kimeshatulia, ili dawa ya kila siku irekebishwe. Vidonge mlivyopewa mvimalize. Na kopo la salbutamol lililotumika usiku ule linunuliwe jipya kesho yake.